Vidole vya Nabwile

Jumatatu, 10 Machi. Kitale

Leo nimemrudisha mama mmoja kwao Kiminini. Alikuja na vidole vilivyolala vyote upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, akasema ameugua miaka tisa. Karatasi yetu inasema tunachukua tu watu ambao viungo vyao vimeanza kuvimba ndani ya miaka miwili. Nikamwambia, pole mama, hufai. Ndivyo nilivyosema, hufai. Sikupata neno lingine kwa haraka.

Hakubisha. Aliuliza kama akirudi mwakani atakuwa anafaa.

Daktari Jepchirchir, mkubwa wa utafiti huu, alikuwa akipita. "Mpe karatasi ya kliniki ya Alhamisi kule hospitali," akasema, akaingia ofisini bila kumtazama mtu. Kila tunayemkataa hupewa karatasi hiyo. Mimi naiona kama namna ya kumfukuza mtu kwa adabu.

Nimenunua daftari hili kwa sababu kazini kila mtu ni namba, na nikifika nyumbani sikumbuki tena nani ni nani. Mimi ni Nekoye, muuguzi, miaka thelathini na minane. Kituo chetu kinatafiti baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuanza kula viungo vya mwenyewe. Wagonjwa wote wanapewa methotrexate, dawa ya zamani, mara moja kwa wiki. Juu yake nusu yao wanapata kidonge kipya, nusu wanapata kidonge kitupu kinachofanana nacho. Hata sisi hatujui nani anameza kipi. Nafasi ni thelathini. Ishirini na sita zimejaa.

Alhamisi, 13 Machi

Vumbi. Watu wamelima, wanangoja mvua. Nimerudisha wawili.

Jumapili, 16 Machi. Matulo

Nimekuja kumwona dada yangu Nabwile. Sikuwa nimefika hapa tangu tumzike mama mkwe wake mwezi wa Novemba.

Nilimkuta jikoni, saa nne asubuhi, amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Nilidhani amekosa nafasi ya kunywa. Kumbe alikuwa akingoja mikono ifunguke ndipo akishike.

"Huwa inafunguka saa ngapi?"

"Saa tano hivi. Siku ya baridi, hata saa saba."

"Tangu lini, dada?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua. "Si ni ile tu, Nekoye. Ile brusela yako."

Brusela yangu. Miaka minne iliyopita alinipigia simu akasema vidole vinamuuma, vifundo vya miguu vinamuuma, na mwili umechoka bila kazi. Wakati huo nilikuwa wodi ya kina mama, nimesimama tangu asubuhi. Nikamwambia ni brusela, ni hayo maziwa mnayokunywa bila kuyachemsha vizuri. Nikamtumia dawa. Hazikusaidia, nikatuma tena. Mara ya tatu hata sikumuuliza anaumwa wapi.

Sasa kazi yangu ni kuutambua ugonjwa huohuo. Mwili kuwa mgumu asubuhi kwa zaidi ya saa moja. Vifundo vidogo vya mikono yote miwili, kulia na kushoto kwa pamoja. Uvimbe laini unaobonyea. Nilibonyeza vidole vya dada yangu kimoja kimoja pale jikoni, naye akageuza uso asinionyeshe. Kilichosalimika ni kimoja tu, kidole kidogo cha kushoto.

Huyu ndiye aliyeacha shule kidato cha pili mama yetu alipofariki, akakaa kwenye cherehani mpaka mimi nikamaliza uuguzi. Cherehani iko kwenye kona, imefunikwa gunia.

Mumewe, Khisa, aliingia akitoka shambani, akaketi mbali nasi. "Shemeji, huyu dada yako asubuhi ni mgonjwa, mchana ni mzima. Ugonjwa gani huo unaangalia saa?"

"Ndivyo ulivyo."

"Nabii wetu kanisani alisema ni laana ya kwao."

"Basi na mimi ni wa kwao," nikamwambia. Akavua gambuti zake. Simpendi huyu mtu. Sijawahi kumpenda.

Jumanne, 18 Machi. Kitale

Nimemuuliza Daktari kama ile miaka miwili haiwezi kusogezwa kidogo.

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote."

"Ukisogeza kwa mmoja hatutajua dawa imefanya nini kwa wote. Mfupa ulioliwa haurudi. Huu ni utafiti, Sista Nekoye, si sadaka." Akarudi kwenye kompyuta yake.

Hana hata picha moja mezani. Nilimtazama kisogo nikawaza kwamba huyu hajawahi kumwona mtu wake akingoja mikono ifunguke.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza, na mawe kidogo. Kila mtu anapanda.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika hili lilivyokuwa, kwa sababu karatasi ya kituo haitalisema.

Nabwile amekuja Kitale. Nilimwambia aje kama mtu asiyenijua, atumie jina la mumewe, na akiulizwa aseme alianza kuumwa Julai mwaka jana. Aliuliza kwa nini Julai. Nikamwambia ni miezi minane, inatosha.

"Sasa ile mingine niiweke wapi?" akauliza. Hakuwa anacheka.

Kujaza fomu ni kazi yangu. Tulikaa uso kwa uso, mlango umefungwa, nikamwita mama na yeye akaniita sista. Nikauliza, akajibu, nikaandika. Umewahi kutumia dawa ya aina hii? La. Unatumia dawa nyingine yoyote kwa sasa? Alisita. La. Una mimba? La.

"Umewahi kuishi nyumba moja na mtu mwenye kifua kikuu?"

Akaangalia mlango uliofungwa. Mama yake Khisa alikohoa tangu Juni mpaka Novemba, akaisha mwili, mpaka tulipombeba hakuwa na uzito. Nabwile ndiye aliyekuwa akimwogesha, akilala naye chumba kimoja. Familia ilisema ni pumu. Hakuna aliyempeleka kupimwa.

"Ile ilikuwa pumu," akasema, lakini kwa sauti ya kuuliza.

Pale ndipo ningeweka kalamu chini. Mtu aliyeishi na mgonjwa wa namna hiyo hupewa kwanza dawa ya kuzuia kifua kikuu, miezi mitatu, kwa sababu dawa zetu zinailaza kinga, na kinachojificha kifuani kinapata nafasi ya kuamka. Tulikuwa tumebakiwa na nafasi nne. Ndani ya miezi mitatu zisingekuwepo.

Nikatia alama kwenye Hapana.

Mchana Daktari aliinua picha ya eksirei ya mikono ya Nabwile dirishani, akaiangalia muda mrefu. "Kwa miezi minane, imeliwa haraka sana."

"Kuna wengine huenda haraka," nikasema.

"Wapo," akasema. Akatia sahihi.

Jumatatu, 7 Aprili

Majibu yote yamerudi. Damu yake inaonyesha ugonjwa waziwazi, vipimo vyote viwili viko juu. Picha ya kifua ni safi. Kipimo cha damu cha kifua kikuu hakikuonyesha kitu, na nilipokisoma nikahisi kama mtu aliyesamehewa. Nabwile sasa ni namba ishirini na saba. Ameondoka na dawa zake kwenye mfuko wa khaki.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua siku ya tano. Nguo hazikauki.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimempigia. Hajaona tofauti. Anasema siku ya methotrexate anatapika. Nikamwambia avumilie.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya kupima. Nabwile aliketi benchi moja na namba kumi na nne, Chepkirui, msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Cheptais anayeuza vitunguu sokoni kwao. Huyu alipoingia Januari alibebwa mgongoni na kaka yake. Leo amekuja peke yake na alikuwa akimweleza dada yangu, mikono yote hewani.

"Mimi nilikuwa naambiwa ni typhoid, typhoid, mpaka nikachoka. Saa hii nakamua ng'ombe mbili asubuhi, mimi mwenyewe. Hata mama yangu alilia. Na wewe mama, umekaa na hii kitu muda gani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na faili.

"Tangu Julai," akasema Nabwile.

"Ah, basi wewe utapona haraka."

Nilimpima. Viungo vilivyovimba vilikuwa kumi na minane, sasa ni sita. Asubuhi anafunguka kwa dakika ishirini. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akafungua na kufunga vifungo vya koti langu, vyote vitano. Nikaangalia ukutani.

Alhamisi, 15 Mei

Mtu wa thelathini ameingia. Nafasi zimekwisha. Nimerudisha watatu.

Jumapili, 25 Mei. Matulo

Gunia limetoka kwenye cherehani. Nabwile anashona sare za shule ya hapo jirani. Amepalilia mistari minne ya mahindi, akanipeleka nikaione kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Tumekula kuku. Alimnyonyoa na kumkata yeye.

Khisa aliomba kabla ya chakula, akamshukuru Mungu, halafu nabii wao kwa jina na cheo. Mimi hakunitaja. Nilikula nikiwa na hasira mpaka mfupa wa mwisho. Nilitaka kusema ni mimi, ni mimi niliyedanganya kwa ajili ya mke wako. Halafu nikaona jinsi sentensi hiyo ilivyo.

Jumanne, 10 Juni. Kitale

Nabwile amekuja kuchukua dawa. Nilikuwa nikimkagua uso, umevimba kidogo mashavuni, nikamuuliza kwa mzaha kama Khisa ameanza kumlisha.

"Labda ni zile ndogo," akasema.

"Ndogo zipi?"

Akatoa kwenye mkoba kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani tembe nyeupe, ndogo, zisizo na jina. Amekuwa akizinunua dukani kwa mwuza dawa karibu mwaka mzima. Alizimeza hata wiki ile niliyomjazia fomu.

"Nilikuuliza kama unatumia dawa nyingine."

"Uliniuliza kama sista. Nikaogopa nikisema nitafukuzwa. Wewe ndiye uliniambia niseme Julai, sasa nilijuaje ni gani ya kusema kweli na ni gani ya kuficha?"

Nazijua tembe hizo. Ni steroidi. Mtu huzimeza akaona maumivu yametulia, kumbe kinga yote imelala. Na kinga ikilala, kile kipimo cha damu cha kifua kikuu kinaweza kusema hakuna, hata kama kipo. Ile karatasi niliyoisoma Aprili nikafurahi haikuwa imesema lolote.

Hapohapo ilinipasa kutembea hatua kumi na mbili mpaka ofisini kwa Daktari. Nimezihesabu. Nilimwambia Nabwile azipunguze kidogo kidogo, asiziache ghafla, kisha nikamwita anayefuata.

Jumamosi, 14 Juni

Sikusema.

Alhamisi, 19 Juni

Sijasema.

Ijumaa, 27 Juni

Khisa amepiga simu mchana. Nabwile ana homa, nguo zinalowa jasho, hataki chakula. Nikamwambia kuna malaria nyingi na mvua hii, amnunulie dawa ya malaria. Akasema sawa shemeji. Nikakata simu nikaendelea na mafaili. Imenichukua kama saa moja kusikia nilichokuwa nimefanya. Ni ile brusela tena. Nimepiga simu, haipatikani. Nimetuma ujumbe kwamba aache dawa zote za kituo na apelekwe hospitali apimwe makohozi. Hakuna jibu.

Jumapili, 29 Juni

Khisa anasema ana nafuu baada ya dawa ya malaria. Nilitaka kumwamini, nikamwamini.

Ijumaa, 4 Julai. Bungoma

Nilikwenda Matulo leo asubuhi, nikajua nikiwa mlangoni. Alikuwa amelala kiubavu, mifupa ya bega imechomoza, na kikohozi kilikuwa kilekile nilichokisikia nyumba hiyohiyo mwaka jana. Wiki moja tu ya homa, wanasema. Lakini alikuwa ameanza kukohoa katikati ya Juni akanificha, maana alikuwa na sare za watoto arobaini za kumaliza na aliogopa nitamnyang'anya dawa.

Khisa alimbeba hadi barabarani. Mimi nilishika blanketi. Njia nzima hakusema neno kuhusu nabii wala kuhusu mtu yeyote.

Hapa hospitali walichukua makohozi, mashine ikatoa jibu siku ileile. Kifua kikuu. Picha ya kifua imejaa nukta nyeupe, pande zote mbili, kama punje za wimbi zilizomwagika. Daktari kijana aliyekuwa zamu akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Khisa akanitazama. Nabwile naye akanitazama, akiwa na kitambaa mdomoni, na macho yake yalikuwa yakiniuliza kama bado aseme ni tangu Julai.

"Yuko kwenye utafiti, Kitale," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwingiza. Ni dada yangu."

Nikatoka nje nikampigia Daktari Jepchirchir. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza mambo matatu: anapumuaje, amemeza kidonge cha mwisho lini, niko hospitali gani. Kisha akasema, "Asimeze kingine. Nakuja."

Jumamosi, 5 Julai. Bungoma

Amefika asubuhi kwa gari lake mwenyewe, na matope mpaka kwenye vioo. Aliingia wodini, akakaa na Nabwile, akamsikiliza kifua, akaongea na daktari wa zamu kuhusu dawa. Alimwambia dada yangu, "Mama, kosa si lako." Hakuwa amenitazama bado.

Halafu tukasimama chini ya paa la nje, mvua ikinyesha, akafungua daftari.

"Ameugua viungo tangu lini?"

"Miaka minne."

"Na ni nani aliyekuwa akikohoa nyumbani?"

"Mama mkwe. Alifariki Novemba."

"Ulijua ulipojaza fomu?"

"Nilijua."

"Kuna kingine?"

Nikamwambia kuhusu tembe nyeupe, na tarehe nilipozigundua. Akaandika tarehe. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba hana umbo la jiwe, ana la mtu aliyechoka.

"Bahasha ya siri ya namba ishirini na saba imefunguliwa," akasema. "Alikuwa anapata kidonge kipya." Akafunga daftari. "Kliniki yangu ya Alhamisi ina watu sitini na mmoja. Wale wote mnaowarudisha, mimi ndiye ninayewaona. Yule mama wa Kiminini wa mwezi wa tatu sasa anajipikia. Nilimpima kifua kwanza, nikampa methotrexate, hiihii ya kawaida. Vidole havikunyooka lakini haviumi. Huyu naye ningemwona. Kwa nini hukuniambia?"

Nilimwambia sikujua kwamba ni yeye aliye kwenye kliniki ile.

"Umefanya kazi nami mwaka mmoja na nusu," akasema. "Ungeniuliza."

Akarudi wodini.

Nimekaa kwenye ngazi nikijaribu kuwa mkweli angalau kwenye daftari. Hata kama ningejua, sidhani ningempeleka Alhamisi. Alhamisi ilikuwa ya wale wasiofaa. Nilimtakia Nabwile kitu kipya, kitu ambacho wengine hawana, ili kiwe kikubwa kuliko ile brusela. Nilitaka kufuta kosa langu, na nilitumia mwili wake kulifutia.

Jumatano, 9 Julai. Kitale

Nimeandika maelezo yangu, kurasa nne, nikatia sahihi. Wamechukua kitambulisho cha kazi na funguo.

Alhamisi, 10 Julai. Bungoma

Nabwile amekunywa uji nusu kikombe. Homa bado.

Jumatatu, 21 Julai. Kitale

Nilidhani ni mimi nitakayeadhibiwa. Kamati ya maadili imesimamisha kituo kizima. Wanasema kama faili moja ni la uongo, hakuna anayejua mengine yakoje, na wanasema kweli. Wenye dawa wameagiza vidonge vyote virudi. Nilikuwa nimeitwa kujibu maswali yao, na nilipotoka niliona makasha yakipakiwa, yamefungwa utepe. Wagonjwa ishirini na tisa wataendelea na methotrexate peke yake kutoka hospitali. Kwa wengine itatosha. Kwa wale ambao haikuwatosha, hakuna kitu.

Daktari alikuwa amesimama kwenye baraza na orodha, akiwapigia mmoja mmoja. Hakumpa karani kazi hiyo. Nilimsikia akisema, "Hapana, Chepkirui, hukukosea chochote. Hapana. Wewe hukukosea." Alirudia mara nyingi. Aliponiona hakunifukuza wala hakunisalimu. Alibonyeza namba nyingine.

Miezi yote ile nilimwita moyoni mtu asiye na huruma. Alikuwa nayo, ila aliigawa kwa watu wote sawasawa, na mimi nilitaka yote iende Matulo.

Jumapili, 10 Agosti. Matulo

Nimehamia hapa tangu Nabwile aruhusiwe kutoka hospitali. Homa imekwisha, anakula, kikohozi kimepungua. Dawa za kifua kikuu ni miezi sita. Daktari Jepchirchir amesema hatampa dawa ya viungo yoyote yenye nguvu mpaka kifua kitulie, na ameandika tarehe ya kumwona, siku ya Alhamisi.

Lakini mikono imerudi ilivyokuwa, na zaidi. Hata kile kidole kidogo cha kushoto sasa kimevimba.

Kijiji kizima kinavuna. Khisa huamka, huchemsha maji, humwosha mkewe uso na miguu, humvalisha, humkalisha juani, kisha ndipo huenda shambani. Mchana hurudi kumlisha. Hufinyanga tonge dogo la ugali, hulipoza, humtia kinywani, husubiri. Nilijitolea nifanye mimi. "Wewe pumzika, shemeji," akasema, kwa upole ambao sikuweza kuutafutia kasoro. Nilimfikiria vibaya mtu huyu miaka kumi na mitano.

Leo nilikaa na Nabwile nikipukuchua mahindi. Kisha akaanza, akiangalia mikono yangu.

"Nilikuwa nimezoea, Nekoye. Nilijua siku yangu inaanza saa tano, nikaipanga hivyo. Vitu vya kushika nilikuwa nimevitoa akilini kimoja kimoja. Cherehani nilishaizika. Halafu ukaja ukanirudishia miezi miwili."

"Dada, nilitaka..."

"Najua ulitaka nini. Usiniombe msamaha. Ukiniomba itabidi nikujibu, na bado sina jibu."

Akaniomba nimsogeze kivulini. Nikamsogeza. Nikaendelea kupukuchua.

Jumatano, 13 Agosti

Mvua ya mchana imelowesha mahindi uani. Tumeyaanua na Khisa.

Jumamosi, 23 Agosti. Cheptais

Nimekuja bila kumwambia mtu. Soko lilikuwa limejaa, ukungu bado uko juu mlimani. Nilimpata Chepkirui upande wa mboga, ameketi nyuma ya beseni la vitunguu. Hakunyanyuka. Aliponitambua uso wake wote ulifunguka.

"Sista Nekoye. Umetuletea dawa?"

Nikasema hapana.

"Walituambia imesimamishwa. Watu hapa wanasema ni wakubwa wa Nairobi, ati wamegombana. Ile ingine ya kila wiki nakunywa, nafuata Kitale, lakini hii pekee haishiki vizuri. Angalia." Akanionyesha mikono. Ilikuwa ile ya Januari. "Mama ameuza ng'ombe mmoja, hakuna wa kukamua. Itarudi lini, sista?"

Ningeweza kumwachia wale wakubwa wa Nairobi. Alikuwa amenipa mwenyewe kisingizio, kiko tayari. Nilichuchumaa ili macho yetu yawe sawa, nikamwambia. Yule mama uliyekaa naye kwenye benchi Mei ni dada yangu. Hakuugua tangu Julai. Niliandika uongo ili apate nafasi, nikaficha jambo ambalo lingemlinda, dawa ikamletea kifua kikuu, na kwa sababu ya faili hilo moja wakafunga mlango kwenu nyote. Nilisema bila kupunguza. Watu walipita katikati yetu na magunia, ikabidi nirudie sehemu.

"Kwa hivyo si wakubwa," akasema.

"Ni mimi."

Alikaa akivitazama vitunguu. "Huyo dada yako yuko hai?"

"Yuko. Anaendelea vizuri na kifua. Mikono imerudi kama yako."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Nilidhani atanitukana na nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Hakufanya hivyo.

Akaja mteja, mwanamke na kikapu, akataka mkebe mmoja. Chepkirui akajaribu kuchota, vidole vikakataa kukunjika, mkebe ukamponyoka. Akaanza kuviokota vitunguu kwa viganja, mikono miwili kwa kila kitunguu, akikibana na kukiinua. Nikanyoosha mkono kuuchukua mkebe.

"Acha," akasema, bila kupandisha sauti. "Wewe usinisaidie."

Nikarudisha mkono. Mteja alinitazama, akamtazama yeye, akafungua kikapu akangoja. Nami nilisimama hapo, mikono nyuma, mpaka alipoingiza kikapuni kitunguu cha mwisho.